Bundi Asiyefika Shibiri

Shoga yangu wa Muheza aliposikia kwamba kesho yake tungeingia msituni kumtafuta bundi, aliweka kikombe chini na kuniuliza kama nilikuwa na akili zangu timamu. "Nimetoka nyumbani alfajiri, nimevuka mpaka Horohoro na jua lote lile, nimebadilisha matatu mara mbili, ili nije kuutafuta uchuro kwa miguu yangu?" Mwenzetu wa tatu, ambaye ameishi Maskati miaka zaidi ya ishirini, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Lakini naye nilimwona anajikunja kidogo. Tumejuana tangu tukiwa wasichana wa sekondari Mombasa, kwa hiyo najua mmoja wetu anapotania na anapomaanisha. Jioni ile huyu wa Muheza alimaanisha.

Sikumlaumu. Katika nyumba niliyokulia, bundi akilia juu ya paa usiku bibi yangu alikuwa akiamka, anatupa chumvi kwenye makaa, halafu anakaa kitandani akihesabu wagonjwa wa mtaa mmoja mmoja. Asubuhi hakuna aliyethubutu kumtaja yule ndege kwa jina. Nimeutoa woga huo moyoni polepole, na sikuutoa kwa kusoma. Nimeutoa kwa kuishi jirani na msitu.

Naishi upande wa Gede, na shamba langu limepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nina mikorosho, minazi michache, na kibanda cha wavu ninamofuga vipepeo. Kazi hii tuliletewa na mradi wa Kipepeo ulioanza hapa mwaka 1993. Sisi tunaokaa kandokando ya msitu tunakamata vipepeo majike wachache, tunawaacha watage, tunawalisha viwavi majani ya miti ya humu humu msituni, na wakigeuka pupa tunauza. Pupa hupelekwa ng'ambo, kwenye nyumba za maonyesho ambako watu hulipa kiingilio ili waone vipepeo wakitoka na kuruka. Pesa yenyewe si nyingi, lakini karo ya watoto wangu imepita humo. Na kwa kuwa kila kiwavi ana mti wake, hali mwingine, msitu ukikatwa riziki yangu imekatwa.

Vipepeo ndio walionifikisha kwa ndege. Wavu ukitoboka mahali, shore wanaingia na kumaliza viwavi wa wiki nzima kwa dakika chache. Ilibidi nijue nani anaingia, saa ngapi, na analiaje akiwa karibu. Nikamjua shore, nikamjua tiva, nikamjua chozi ambaye haji kwa viwavi bali kwa maua. Siku moja nilijikuta nimesimama na ndoo ya maji kichwani, nimesahau ninakokwenda, namsikiliza ndege ambaye hakuwa amenidhuru wala kunifaa kwa lolote. Tangu hapo sijaacha.

Msitu wenyewe uko kati ya Kilifi na Malindi, umepakana na barabara kuu itokayo Mombasa. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 420, na katika Afrika Mashariki yote hakuna kipande kikubwa kuliko hiki kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani. Zamani misitu ya namna hii ilifuatana na ukanda wa bahari kutoka Somalia hadi Msumbiji. Leo vimebaki viraka. Abiria wa matatu wanapita wakiona ukuta wa majani tu upande mmoja wa barabara. Watu wengi ninaowajua, waliozaliwa na kuzeekea hapa hapa, hawajawahi kuingia ndani kwa nia ya kutazama. Wameingia kuokota kuni, au hawakuingia kabisa kwa kuogopa ndovu. Na ndovu kweli wamo, ndiyo maana kuna ua wa umeme, na ndiyo maana hatuingii bila mwongozaji.

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa tuktuk, tukiwa na mahamri, mbaazi za jana na chupa ya chai. Nilikuwa nimewaambia mapema: ndege hutazamwa asubuhi. Kuanzia kupambazuka hadi saa tatu wana njaa, wanaimba, wanashuka chini. Jua likipanda, na jua la Machi kabla ya masika halina huruma, kila mwenye mabawa anatafuta kivuli na kunyamaza. Nilisahau kuwaambia habari ya mavazi. Shoga yangu wa Muheza alitoka amejitanda leso ya manjano iliyokoza, mpya kabisa, aliyoninunulia mwenyewe kisha akaiazima siku ya kwanza. Ilibidi nimpe ile yangu kuukuu ya rangi ya udongo. Ndege wanaona rangi vizuri mno, na kinachowashtua zaidi ni kitu cheupe au cha kung'aa kinachosogea ghafla.

Mwongozaji alitupokea langoni. Ni kijana wa Kigiriama aliyezaliwa kijiji cha pembeni mwa msitu, anayewajua ndege kwa masikio kuliko kwa macho. Kitu cha kwanza alichotufanyisha ni kusimama. Dakika kumi nzima, hakuna kutembea, hakuna simu, hakuna neno. Mimi nimeshazoea, lakini niliwaona wenzangu wakihangaika kama watoto kwenye foleni ya kliniki. Baada ya dakika tatu hivi, msitu uliokuwa kimya ulianza kusema. Kumbe haukuwa kimya. Ulikuwa umenyamazishwa na sisi tulivyoingia.

Hapo ndipo ulipoanza ubishi wa majina, na kwangu huo ndio uliokuwa utamu wa asubuhi ile. Sauti ilitoka kichakani, nzito, ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. "Tipitipi," nikasema. "Dudumizi," akasema wa Muheza. "Akilia hivyo mvua iko karibu." Mwongozaji akatuambia wote tuko sawa, ndege ni mmoja, na kuhusu mvua wazee wa pande zote mbili wanakubaliana. Wa Maskati akakumbuka kwamba mama yake pale Mombasa alimwita gude. Majina matatu kwa ndege mmoja, ndani ya safari ya siku moja ya basi! Nimeona watu wakitafuta majina ya ndege kwenye vitabu vya lugha za kigeni, wakidhani Kiswahili hakina. Kinayo tele: mdiria na keremkerem, kwenzi na kipwe, kulastara na yangeyange, membe, mnandi, kozi. Yamo vinywani mwa wazee, na wengi wa wazee hao hakuna anayewauliza. Ukiwa na nyanya nyumbani, muulize majina kumi ya ndege wiki hii, kisha yaandike.

Upande wa mashariki, karibu na lango, miti ni ya kila aina imechanganyika, kivuli kizito na majani makavu yamelala tele chini. Huko tulisikia mchakacho. Mwongozaji akainua kidole. Akatoka mnyama mwenye pua ndefu, miguu myembamba, na matako ya rangi ya dhahabu, akawa anachakura majani. Ni sange. Aina hii yenye matako ya dhahabu, makao yake makuu duniani ni msitu huu. Na nyuma yake, hatua mbili tatu, alikuwa akirukaruka kurumbiza mwenye kofia nyekundu na kifua cha rangi ya chungwa. Sange akifunua majani, wadudu wanakurupuka, kurumbiza anaokota. Nimewaona pamoja mara nyingi, na kila mara huwa nasimama. Kurumbiza huyo ana kipaji kingine: anaiga sauti za ndege wenzake vizuri mno. Mara kadhaa nimekimbilia dirishani nikidhani kuna ndege mgeni, kumbe ni yeye.

Darubini yangu ni moja, tukawa tunapokezana. Nitaeleza hapa kwa anayetaka kununua, maana mimi mara ya kwanza nilinunua vibaya. Darubini huwa na namba mbili, kama 8×42. Ya kwanza ni idadi ya mara inavyokuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na ndio unaoingiza mwanga. Muuza duka atakushawishi uchukue inayokuza mara 20. Usichukue. Mkono wa binadamu unatetemeka, na darubini inakuza hata ule mtetemo. Utaona majani yakicheza ngoma. Mara 8 inatosha msituni. Na usianze kwa kutafuta ndege ndani ya kioo. Mwone kwanza kwa macho, usiondoe macho kwake, kisha inua darubini uiweke katikati yako na yeye.

Kutoka hapo tulipanda gari la kukodi kuelekea ndani. Ardhi ilibadilika, mchanga ukawa mweupe, na miti ikawa ya namna moja, mirefu, iliyoachana, mwanga ukishuka hadi chini. Hii ndiyo mirihi. Hapa tulimtafuta mnana ambaye wanasayansi wamempa jina la Clarke. Dume lake lina kichwa cheusi, kifua cheusi na tumbo la manjano, na duniani kote hakuna anapoishi isipokuwa Kaunti ya Kilifi. Sio Kenya nzima, ni Kilifi. Aliandikwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1913, na kwa miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyeweza kusema anajenga wapi kiota chake. Watu walikuwa wakimwona akipita juu ya mirihi kwa makundi, akipiga kelele, kisha anapotea kwa miezi. Viota vilipatikana mwaka 2013, katika msitu wa Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki, kwenye kinamasi kilichojaa majani ya maji. Ndege wa vileleni alikuwa anashuka kutaga kwenye dimbwi.

Sisi hatukumwona. Tulikaa chini ya mirihi saa nzima, shingo zikiuma. Kundi moja lilipita juu yetu, ndege wa aina saba au nane pamoja, wakifuatana mti hadi mti. Ndege wa msituni hufanya hivyo sana: macho mengi humwona kipanga mapema, na mdudu anayemkimbia mmoja huangukia mdomo wa mwingine. Tulikagua kila mmoja. Mnana wetu hakuwemo. Wa Maskati alifadhaika, akatoa simu yake. Alikuwa amepakua sauti za ndege, akataka kuipiga ya mnana ili aje. Mwongozaji alimshika mkono kwa upole. "Mama, hiyo hatutumii hapa." Akaeleza kwamba ndege akisikia sauti ya mwenzake anadhani amevamiwa. Anaacha kula, anaacha mayai, anakuja kupigana na adui ambaye hayupo. Kila mgeni akimwita hivyo mara moja tu, kwake ni vita vya kutwa. Mwenzangu aliirudisha simu mkobani na hakuitoa tena hadi jioni.

Kilichoniuma mimi si kutomwona. Ni kwamba Dakatcha haina ulinzi kama huu wa Arabuko-Sokoke, na miti yake inageuzwa makaa, na ardhi inasafishwa kwa mashamba ya mananasi. Sisemi anayechoma makaa ni mtu mbaya. Nawajua, wana watoto kama mimi. Lakini ndege aliyekuwa na kaunti moja tu duniani hana pa kuhamia, nasi wa Kilifi ndio wenyeji wake peke yetu.

Ilikuwa karibu saa tatu na nusu tulipofika kwenye ardhi nyekundu, upande wa magharibi. Msitu huku ni mwingine tena: miti mifupi, iliyobanana, matawi yamesukana hata mtu mzima anapita kwa kuinama. Joto lilikuwa limeshashuka juu yetu kama blanketi. Mwongozaji alituambia tubaki njiani, akaingia peke yake. Bundi tuliowafuata, alituambia, hulia jioni na alfajiri kwa filimbi moja fupi inayorudiwa rudiwa, kwa utaratibu. Waongozaji hukariri wanalia kichaka gani, na mchana hurudi kuwatafuta kimyakimya. Tulimngoja kama robo saa. Shoga yangu wa Muheza alikaa juu ya gogo, anapepea uso, akisema chini kwa chini, na nadhani alikuwa akisoma dua.

Mwongozaji alitokea na kutuita kwa mkono. Tuliingia kwa kufuatana, tukiinamia matawi, kisha akasimama na kunyoosha kidole. Sikuona kitu. Nimewaona bundi hawa mara kadhaa, na kila mara huanza kwa kutoona kitu. Kisha vijiti viwili vikavu, kwenye tawi jembamba lililokuwa usawa wa kifua changu, vikawa na macho.

Walikuwa wawili, wameegemeana bega kwa bega. Mmoja wa kijivu kama gome la mti, mwingine wa kahawia iliyoelekea wekundu, kama jani lililoanguka msimu uliopita. Jicho moja la manjano likafunguka nusu, likatutazama, likafumba. Bundi mzima wa aina hii ana urefu wa sentimita 16 hivi. Pima mwenyewe shibiri yako, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho: hafiki.

Shoga yangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akanong'ona, "Ni watoto hawa?"

"La, mama," akajibu mwongozaji. "Ni wazima. Hawakui zaidi ya hapo."

"Na wanakula nini na vidomo hivyo?"

"Panzi. Mende wa msituni. Nyenje."

Akatazama tena. Nilimpa darubini ingawa walikuwa karibu, hatua kama kumi. Aliishika kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa imetulia.

Tuliporudi njiani ndipo mwongozaji akatusimulia historia ya bundi huyo. Sayansi ilimjua bundi huyu mwaka 1965 tu, hapa hapa Sokoke, na kwa miaka mingi ikadhaniwa hana kwingine. Halafu mwaka 1992 akapatikana Tanzania, katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Shoga yangu aligeuka. "Usambara Mashariki? Ile milima ninayoiona nikiwa kwenye machungwa yangu?" Ile ile. Alikaa kimya tena, na nilijua anapiga hesabu: miaka yote hiyo, usiku wote huo, bundi wa kwao.

Tulikunywa chai chini ya mti na hapo ndipo mazungumzo yalipoiva. Alisema, bila kuficha, kwamba amewahi kuwalipa vijana wamwondoe bundi aliyejenga kwenye dari ya ghala lake, yule mkubwa mwenye uso mweupe kama sahani, anayepiga ukelele wa kukwaruza. Vijana walimuua, na vifaranga wakafa. Mwaka ule, akasema, panya walimlia mahindi. Hakuwa ameyaunganisha hayo mawili hadi siku ile. Mwongozaji hakumkemea. Alisema tu kwamba bundi wa uso mweupe chakula chake ni panya, kila usiku, na akiwa na makinda huwinda maradufu.

Nami nilimwambia jambo ambalo nimelifikiria kwa miaka. Nani humsikia bundi saa tisa ya usiku? Mtu mwenye afya amelala. Anayemsikia ni yule anayeuguza, ameketi kando ya kitanda, taa inawaka, masikio yamefunguka kwa hofu. Bundi alilia jana pia, na juzi, na mwezi uliopita, lakini nyumba nzima ilikuwa usingizini. Mgonjwa akifa, kilio kile kimoja ndicho kinachokumbukwa. Bibi yangu aliuguza watu wengi maishani mwake. Ndiyo maana alisikia bundi wengi.

"Hawa wa leo siwaogopi," shoga yangu akasema hatimaye. "Yule wa ghalani bado." Nikamwambia inatosha.

Alasiri tulikwenda Mida. Ni hori la bahari lililoingia nchi kavu, limezungukwa na mikoko, kilomita chache tu kutoka msituni. Hapa saa haiamuliwi na jua bali na maji. Yakiwa yamekupwa, ndege wametawanyika kwenye tope pana na hata darubini haiwafikii. Yakiwa yamejaa kabisa, wameondoka. Unataka yale masaa mawili matatu maji yanapopanda, yanapowasukuma taratibu kuja upande wako. Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili nyuma, kwa hiyo lilikuwa bamvua, na maji yangejaa kwenye saa kumi na moja na nusu jioni. Tukafika saa tisa. Kuna njia ya mbao iliyoning'inizwa kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, na kiingilio chake huchangia karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na hori. Nilifurahi kulipa.

Tope lilikuwa limejaa vitwitwi. Wengi wao si wenyeji. Yule mwenye mdomo uliopinda kama upinde mdogo, uzito wake ni kama gramu 60, sawa na yai moja la kuku, naye huzaliwa Siberia, kwenye nchi ya barafu, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Mwezi wa Machi utamkuta anakula bila kupumzika, akijaza mafuta ya safari. Baadhi yao walikuwa wameanza kubadili manyoya, vifua vikiingia wekundu wa tofali. Hiyo ndiyo nguo ya harusi. Wanaivaa hapa kwetu, wanaoa kule. Na chakula kinachowafikisha ni minyoo na kaa wadogo wa tope hili. Mikoko ikikatwa na tope likafukiwa, safari yote inakatikia Mida.

Wa Maskati hakuwa na habari nao. Alikuwa amewakodolea macho ndege wengine, wakubwa zaidi, weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama kisu cha kufulia dafu. Walisimama kundi zima kwenye kisiwa cha mchanga. Mmoja alikimbia, akasimama, akachoma tope, akainua kaa. "Hawa nawajua," akasema. "Nimewaona Omani, pwani. Sikuwahi kuuliza ni nani."

Ni ndege mla kaa. Huzaliana kuanzia kama Aprili katika visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Omani, Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika. Hajengi kiota: anachimba shimo mchangani kwa mdomo na miguu, anataga yai moja jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kuliatamia. Msimu ukiisha anashuka pwani ya Afrika Mashariki pamoja na mtoto wake, na huku anaendelea kumlisha kwa miezi. Tulimwona mmoja wa kijivujivu akimfuata mzazi nyuma, ameinamisha kichwa, akililia kaa.

Mwenzangu alilitazama jambo hilo mpaka maji yakafika kwenye nguzo za kibanda. Babu yake mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi. Alikuja na kaskazi, akarudi na kusi, kila mwaka, na alikuwa na nyumba pande zote mbili. Alisema, akiwa bado na darubini machoni, "Hawa hakuna aliyewaambia mambo ya jahazi yamekwisha." Kisha akaomba tusimwambie chochote kwa muda, na tukamwacha.

Tulirudi nyumbani gizani. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na usiku ule, kama saa tano, bundi alilia mbali, upande wa minazi. Tulikuwa bado tunazungumza barazani. Shoga yangu aliinua kichwa, akasikiliza, akauliza: "Yupi huyu?" Sikuwa nimewahi kumsikia akiuliza hivyo.

Anayetaka kuja, aje kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati wageni wa Mida wamekamilika. Aulize langoni apewe mwongozaji wa msitu. Hakuna atakayewaona wale bundi bila yeye, na mimi sitaandika hapa ni kichaka gani. Avae rangi ya udongo, abebe maji ya kutosha, atazame saa za maji kabla ya kwenda horini. Na akiwa na bundi darini kwake, amwache.

Mwishoni mwa Aprili mvua zilipokuwa zimeanza, nilipita Mida peke yangu. Kisiwa cha mchanga kilikuwa kitupu. Kwenye tope walibaki vitwitwi wachache tu, wale wachanga wa mwaka wa kwanza ambao hawajafikia umri wa kuzaa, bado na manyoya yao ya kijivu. Hao hukaa kwetu hadi wenzao waanze kurudi mwezi wa Agosti.